Viraka vya Manispaa

Kama kuna mtu aliyewahi kufurahi kuona nyumba yake inapasuka, basi ni Mama Pindo, na furaha yenyewe haikudumu siku tatu.

Jina hilo alipewa na wateja. Ni fundi cherehani, na mtaa mzima ulikubaliana kwamba hakuna anayekunja pindo la suruali likatulia kama lake. Umama ni wa heshima tu, hakujaliwa mtoto. Aliishi na baba yake, Mzee Lipu, katika nyumba ya vyumba vitatu iliyokaa juu ya mteremko, na ukisikia jina la mzee umeshajua kazi yake. Alipiga lipu kuta za watu miaka arobaini. Za kwake alizipiga mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mkewe, Mungu amrehemu, alisimama mlangoni akasema ukuta wa chumbani una kitambi. Mzee alinuna siku nzima, kesho yake akaubandua wote akaanza upya.

Nyumba hiyo ndiyo iliyokuwa inaondoka. Hawakuwa na nyingine, wala kiwanja, wala ndugu mwenye chumba cha ziada. Cherehani ilikuwa humo, kitanda cha mzee kilikuwa humo, na kwenye kizingiti cha mlango wa mbele kulikuwa na alama ya kiganja cha marehemu, aliyekibonyeza kwenye saruji mbichi siku waliyohamia. Mzee hakuwahi kukikanyaga kizingiti hicho. Alikiruka, kila siku, hata magoti yalipoanza kumgomea.

Sasa chini ya mteremko alikuja tajiri mmoja akanunua kiwanja, na watu wakamwita Bwana Ghorofa kabla hajaweka hata tofali. Alileta mashine ya kuchimbia, lile dude la manjano lenye mkono na kijiko, likaanza kuukata mlima kwa chini. Sheria ndogo za manispaa zinasema wazi: ukichimba karibu na ukuta wa mwenzio, na shimo likapita urefu wa mtu, ujenge kwanza ukuta wa kuzuia udongo. Bwana Ghorofa alikuwa na kibali chenye mihuri mitatu kinachosema hapo chini ni mwamba mtupu, kwa hiyo ukuta wa nini? Mwamba gani, ndugu yangu. Mama Pindo alikuwa anauona kila siku mwamba huo ukipakiwa kwenye lori kwa koleo.

Alikwenda manispaa mara nne. Mara ya kwanza aliambiwa dirisha si hili. Mara ya pili dirisha lilikuwa lenyewe ila mwenye dirisha yuko likizo. Mara ya tatu alipewa fomu, na mara ya nne akapewa mkaguzi.

Mkaguzi alikuwa mwanamume mwembamba wa pikipiki, mwenye kalamu mbili mfukoni na adabu zake. Hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya tungekuwa na wa kumlaumu, tukalala vizuri. Alizitazama nyufa tatu za ukuta wa nyuma, mmoja chumba cha cherehani na mbili chumbani kwa mzee, akakuna shingo.

"Mama, kibali kina mihuri," alisema. "Siwezi kukitengua kwa kuangalia tu. Sheria inataka nithibitishe kwamba ukuta wako unatembea."

Akakoroga jasi kwenye kopo, ule unga mweupe wa kupambia dari, akabandika juu ya kila ufa kiraka cha ukubwa wa kiganja, na kabla hakijakauka akaandika tarehe juu yake kwa ncha ya msumari. Jasi, alieleza, haivutiki. Ukuta ukisogea hata unywele, kiraka kinakatika.

"Narudi baada ya siku saba. Nikikuta hata kimoja kimekatika, nasimamisha kazi siku hiyohiyo, na Bwana Ghorofa anajenga ukuta wa kuzuia kabla ya jambo lingine lolote. Nikivikuta vizima nafunga faili, na faili likifungwa halifunguliwi mpaka siku tisini zipite." Alipofika mlangoni akageuka, akasema kwa sauti ya ofisini: "Visiguswe na mtu. Kikivunjika, kuna mtu anakwenda mahakamani."

Mtu aliyemmaanisha ni Bwana Ghorofa. Lakini Mzee Lipu, aliyekuwa amekaa barazani anaota jua, alisikia maneno hayo ya mwisho tu.

Hapa ndipo penye kosa, na kosa ni la Mama Pindo, ingawa ukilipima utaona limejaa mapenzi. Mwaka uliotangulia mzee alipewa habari ya msiba wa mdogo wake bila kuandaliwa, akaanguka kifudifudi. Daktari akamwambia binti: moyo wa mzee huyu hautaki mshtuko, mambo mazito mfiche. Mama Pindo akalishika neno hilo, akalizidisha. Mashine ikinguruma chini, alisema wanatandaza bomba la maji. Nyufa zilipotokea, alisema ni joto. Utasema, fundi wa miaka arobaini ataamini ufa wa joto? Aliamini, kwa sababu aliyemwambia ni binti yake, na magoti hayakumruhusu kuzunguka nyuma akajionee shimo. Na alipouliza viraka vile ni vya nini, alijibiwa hivi:

"Manispaa wanahesabu nyumba, Baba. Ni alama tu."

"Alama chumbani kwangu?"

"Siku hizi wanahesabu mpaka vyumba."

"Kesho watahesabu meno," mzee alisema. "Hapo mimi nitawapunguzia kazi."

Akacheka mpaka akakohoa, na Mama Pindo akacheka naye.

Siku ya pili hakuna kitu. Ya tatu hakuna kitu. Mama Pindo alivikagua viraka asubuhi na jioni, akaanza kuvichukia kwa ukimya wao. Chini mashine iliendelea kuchimba, maana kibali kilikuwa bado hai, na kila kijiko kiliposhuka sindano zilitetemeka kwenye kopo lake. Siku ya tano asubuhi, alipofungua dirisha la chumba cha cherehani, aliona mstari mwembamba umepita katikati ya tarehe, umeikata namba ya mwezi vipande viwili. Akapitisha ukucha, ukazama. Akakimbia chumbani kwa mzee, ambaye alikuwa barazani na chai yake. Huko nako kimoja, cha nyuma ya pazia, kilikuwa kimekatika kutoka juu mpaka chini. Mama Pindo akaweka shavu kwenye ukuta ule akalia kwa furaha, mdomo ameuziba kwa kiganja asisikike nje. Nyumba inakufa, na yeye anamshukuru Mungu. Maji yalikuwa yamezidi unga kiasi hicho.

Simu yake ilikuwa ya kubofya, haina kamera. Aliwaza kuazima ya jirani apige picha, halafu akajiambia picha ya nini, mkaguzi mwenyewe si anakuja kesho kutwa aone kwa macho yake.

Siku ya saba mkaguzi alichelewa. Ilifika saa nne, ikafika saa tano, Mama Pindo hawezi kushona wala kukaa. Mwishowe alijifunga kitambaa kichwani akamwambia baba yake: "Yule bwana wa manispaa anakuja leo kuangalia alama zake. Naenda kumfuata ofisini. Nyumba ionekane nyumba, Baba." Alilisema hilo la mwisho kama mtu anavyosema funga mlango, akaondoka.

Alirudi saa nane, amepakiwa nyuma ya pikipiki ya mkaguzi, na njia nzima alikuwa anamwambia begani: vimekatika viwili, utaona, viwili. Chini ya mteremko dereva wa mashine alikuwa amezima injini, amekaa juu ya mnyororo wa kutembelea wa mashine anakula karanga, anangoja aambiwe aendelee au aende nyumbani.

Waliingia chumba cha cherehani. Kiraka kilikuwa kizima.

Mama Pindo alidhani amekosea ukuta. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akarudi palepale. Ilikuwa tarehe ileile, mwandiko uleule wa msumari, na namba ya mwezi imekamilika. Akapitisha ukucha, ukateleza. Wakaenda chumbani kwa mzee, na huko vyote viwili vilikuwa vizima, vikavu, vina hata vumbi lao la siku saba.

Mkaguzi alivigonga kimoja kimoja kwa kidole. Akasikiliza, akagonga tena.

"Mama, ulisema viwili."

"Vilikuwa viwili. Haki ya Mungu, vilikatika viwili."

"Sasa?"

Mzee Lipu alikuwa kwenye kiti chake barazani, amevaa shati safi, amechana nywele, na ana tabasamu la mtu aliyefanya jambo zuri anangoja aulizwe. Mama Pindo alimtazama mikono. Ilikuwa imeoshwa, lakini jasi haitoki upesi kwenye kucha, na kucha za mzee zilikuwa nyeupe. Akajishika kwenye nguzo ya baraza.

"Baba," alisema, "umevigusa vile viraka?"

"Viraka gani?" Mzee akamkonyeza binti yake, maana bwana wa manispaa alikuwa anasikia. "Alama za watu ziko vilevile zilivyoachwa."

"Baba, sema tu."

"Sina la kusema. Hakuna kilichovunjika humu ndani, na hakuna wa kupelekwa mahakamani."

Ndipo Mama Pindo alipoelewa. Mzee alikuwa ameingia kuitazama nyumba kama inaonekana nyumba, akakuta alama za serikali zimepasuka, akajua binti yake amekwisha. Na mzee huyu maisha yake yote alikuwa na methali moja, aliyowaambia wateja, akamwambia mkewe, akaliambia hata jino lilipoanza kutoboka: usipoziba ufa utajenga ukuta. Hakuna asiyeijua. Hakuna pia aliyewahi kufikiri kwamba iko siku mtu ataziba ufa, na kwa kuuziba huko ukuta ndio uanguke.

Mkaguzi alishatoa fomu, anatafuta pa kuegemeza.

"Subiri," Mama Pindo alisema. Akachuchumaa mbele ya kiti cha baba yake, akamshika magoti, akamwambia yote. Si bomba, Baba. Si joto. Bwana Ghorofa ameukata mlima mpaka chini ya chumba chako. Vile viraka vilikuwa vya kuonyesha kwamba nyumba inatembea, vilitakiwa vivunjike, na vilivunjika, na wewe umevitengeneza. Mimi nilikudanganya. Nilikudanganya kwa ajili ya moyo wako. Aliyasema kwa haraka bila kuvuta pumzi, anamtazama mzee kifuani kama vile angeuona moyo wenyewe.

Mficha maradhi, kifo humuumbua, na hapa mgonjwa alikuwa nyumba. Mzee hakuanguka. Tabasamu liliondoka polepole.

"Ni mimi," alimwambia mkaguzi. "Nilikwangua vilivyokatika, nikabandika vipya, nikaiga mwandiko wako, nikavifuta kwa vumbi la dirishani visionekane vipya. Vilikuwa viwili. Binti yangu hasemi uongo." Akamtazama binti yake. "Kwa hilo hasemi uongo."

Mkaguzi alimtazama kwa huruma ya kweli, na huruma ya ofisa ni kitu kibaya sana kukitazama. "Mzee wangu, kila nyumba ninayokwenda kuna hadithi. Nikiandika kwamba alama imechezewa, wa kwanza kushitakiwa ni ninyi. Halafu wakili wa Bwana Ghorofa ataniuliza: wewe ulitazama, ukagonga, uliona dalili yoyote? Sijaona. Na nina miaka kumi na miwili katika kazi hii."

"Ukiona, hiyo si lipu," mzee alisema.

Mkaguzi alizungusha kalamu vidoleni, akatazama saa, akamtazama Mama Pindo aliyekuwa bado amechuchumaa.

"Basi nionyeshe," alisema. Akaingia chumbani, akachukua nyundo ndogo kwenye mkoba wake, akakipasua kiraka cha tatu, kile ambacho hakikuwahi kukatika. "Nakupa nusu saa. Ukikirudisha nisikitambue, nitaandika ulichoniambia, na mengine nitajibu mwenyewe huko mbele."

Mama Pindo alileta kopo, maji, jasi na mwiko mbio mbio, kama vile mgonjwa amefumbua macho. Mzee alikwangua vizuri. Kukwangua hakukuwa na tatizo. Kukoroga ndiko kulikoanza kumshinda: mara ya kwanza ikawa nyepesi ikachuruzika, mara ya pili nzito ikaganda kwenye kopo. Alipoviziba vile viwili alikuwa peke yake, anapiga mluzi, anamtoa binti yake kwenye matatizo madogo ya serikali. Sasa alikuwa anajua ukuta anaoupaka umesimama juu ya nini. Mwiko ukawa unagonga ukuta kama mtu anayebisha hodi.

"Nishike mkono," alisema.

Mama Pindo akamshika kifundo cha mkono, lakini wake nao ulikuwa unatetemeka, na wakawa wanatetemeka pamoja. Walipofika kwenye tarehe msumari uliruka, saba ikatoka kama moja iliyolewa. Mzee akaifuta, akaandika tena, ikatoka vilevile.

Mkaguzi aliingia, na hakuhitaji kusogea karibu. Kiraka kilikuwa kimevimba upande wa kushoto. Kilikuwa na kitambi.

"Mzee, unaona mwenyewe," alisema.

"Vile vingine havikuwa hivi."

"Najua, mzee wangu."

Na pengine alijua kweli, kwa sababu alisaini bila kuwatazama, akaacha nakala juu ya cherehani, na chini ya nakala pameandikwa siku tisini. Mama Pindo alimfuata mpaka kwenye pikipiki akashika usukani. Alimwomba kwa jina la mama yake, kwa jina la watoto wake, akamwambia aingie akatazame tena, mara moja tu, alale hapo hapo akitaka, atamtandikia.

"Mama, niachie," mkaguzi alisema, na sauti ilimtoka nyembamba.

Alimwachia. Alipofika bondeni mkaguzi alimpungia dereva mkono, na injini ikawaka.

Safari hii mashine ilikuja mpaka mpakani. Saa tisa na nusu kiraka cha chumba cha cherehani kilikatika palepale kilipokatika mwanzo, kwa mlio mdogo wa kifungo kinachodondoka sakafuni. Wote wawili walikuwa wamesimama wanakitazama.

"Kimbia," mzee alisema. "Kimbia umwite, kabla hawajafunga."

Mama Pindo alikimbia, ndala moja ikabaki njiani. Simu ya mkaguzi iliita mpaka ikakata, mara sita. Ilikuwa Ijumaa, na alipofika ofisini mlinzi alikuwa anavuta lango. Karani mmoja aliyekuwa anatoka alimsikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama, hata akarudi ndani kuwasha kompyuta.

"Faili limefungwa, mama," alisema. "Ameliingiza mwenyewe saa kumi, akaondoka. Mfumo hautanikubalia mpaka siku tisini, hata nikitaka."

"Lakini sasa hivi ukuta unapasuka. Sasa hivi, ninavyoongea na wewe."

"Nakuamini," karani alisema. Akamwandikia tarehe ya kurudi kwenye kikaratasi, akamwandikia na namba ya dirisha ili asisumbuke. Mama Pindo alisoma ile tarehe. Mvua zingekuwa zimeshakuja na kuondoka.

Alirudi kwa miguu, mguu mmoja una ndala na mwingine hauna, na njiani alijiandalia maneno. Anakuja kesho, Baba. Wameahidi. Wanatuma mtu mwingine, mkubwa wake. Yalikuwa maneno mazuri, ameyakunja vizuri, hata nyuzi hazionekani.

Alimkuta mzee chumbani kwake amekaa ukingoni mwa kitanda. Viraka vyote vitatu vilikuwa vimekatika, na mchanga ulikuwa unachuruzika kutoka ufa wa karibu na dirisha ukiangukia mto wake. Pembeni ya ufa huo mzee alikuwa ameandika kwa penseli ya kiseremala, kwa mwandiko wa kutetemeka, mstari chini ya mstari: saa tisa na nusu, unywele. Saa kumi, ukucha. Saa kumi na nusu, kidole. Saa kumi na moja, vidole viwili. Kopo, jasi na mwiko vilikuwa sakafuni karibu na miguu yake, vikavu.

"Sijaziba kitu," alisema. "Kagua mwenyewe. Hata ule mdogo nimeuacha. Mkono uliniwasha nikaukalia." Akanyoosha shingo kutazama mlango nyuma ya binti yake. "Yuko wapi? Anaegesha pikipiki?"

Mama Pindo alifungua mdomo, na yale maneno mazuri yakaja mpaka kwenye meno. Chini ya sakafu mashine ilivuta pumzi, ikasukuma, na kikombe cha mzee kikasogea chenyewe juu ya kistuli.

"Haji, Baba," alisema. "Faili limefungwa. Haji mtu."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi. Alichukua penseli akatafuta nafasi chini ya mstari wa mwisho, halafu akairudisha nyuma ya sikio bila kuandika.

"Basi tuanze na cherehani," alisema. "Wewe shika huko, mimi nishike huku."

Waliibeba, binti anarudi kinyumenyume, baba anafuata. Walipofika mlango wa mbele mzee aliinua mguu juu kuliko magoti yalivyoweza, asikanyage kiganja cha mkewe, na Mama Pindo akasimama na uzito wote mikononi mwake akamngoja mpaka apite.